Lushoto: Siku Tatu za Kujifunza Kusimama kwa Mguu Mmoja

Ukitaja Lushoto ofisini, wenzako watakujibu mambo matatu: baridi, mapeasi, na kona za kutoka Mombo. Wapenzi wengi wanaokwenda huko wikiendi hupiga picha pale Irente, huagiza supu ya moto, hulala saa tatu usiku wakiwa wamejifunika mablanketi mawili, kisha hao wanarudi Dar na kikapu cha karoti. Hakuna ubaya hata kidogo. Ila mimi na mume wangu tulipokwenda wikiendi ndefu ya Sabasaba, mwaka 2025, tulikuwa na shughuli nyingine. Tulikwenda kunoa mateke.

Cheka tu, mpenzi msomaji, hata dada yangu alicheka. "Wenzenu wanakwenda milimani kupendana, nyie mnakwenda kupigana mateke?"

Mguu ule mwingine

Nieleze kwanza. Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, kwa hiyo kutwa nzima niko kitini. Jioni tatu kwa wiki nafanya karate, mtindo wa Goju-ryu, kwenye dojo moja hapa Dar. Aliyenipeleka huko ni huyuhuyu mume wangu. Enzi za uchumba yeye alikuwa anasaka mkanda wa kahawia na mimi nilikuwa namsubiri nje nikisoma gazeti, mpaka nikaona kusubiri kunachosha kuliko mazoezi yenyewe. Tukafanya pamoja kwa miaka sita. Halafu Novemba 2024 alitoka moja kwa moja kwenye foleni ya magari, akaingia mazoezini akiwa amechelewa, mwili haujapata joto, akarusha teke la duara. Msuli wa nyuma ya paja ukachanika. Anasema aliusikia.

Kufikia Aprili mtaalamu wa mazoezi tiba alishamruhusu kurudi polepole. Hakurudi.

Hatukugombana. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mimi natoka na begi, yeye anabaki na rimoti. Nikirudi ananiuliza, "Mazoezi?" Namjibu, "Safi." Basi. Kitu kilichotukutanisha kikawa ni saa mbili ambazo mmoja wetu hayupo nyumbani. Ugomvi una wasuluhishi, kuna shangazi, kuna mshenga, kuna mchungaji au shehe. Kimya kama kile hakina wa kukisuluhisha, maana ukiulizwa kuna tatizo gani, unajibu hakuna.

Upande wangu, mtihani wa mkanda mweusi ulikuwa unanisubiri Septemba. (Nilipita, nisikuweke roho juu, lakini hiyo siyo habari ya leo.) Mikono yangu ilikuwa sawa, kata nazijua, lakini teke langu lilikuwa linafika kama barua ya posta: limechelewa na limechoka. Nilidhani natakiwa kunyoosha viungo zaidi ili nifike juu. Sensei wetu, mzee asiyependa maneno mengi, aliniangalia wiki nzima ndipo akasema, "Dada, mguu unaopiga hauna shida. Shida ni ule mwingine."

Hapo ndipo penye siri ambayo filamu zilitufichia. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, tukisikiliza mkalimani akitafsiri hata pasipo na maneno, tulikuwa tunautazama mguu ulio hewani. Nani aliutazama ule ulio chini? Lakini nguvu ya teke haianzii hewani. Inaanzia kwenye unyayo unaokandamiza ardhi, inapanda kwenye goti la mguu wa kusimamia, inapita kwenye nyonga, ndipo inatoka kupitia mguu wa pili. Goti la kusimamia likinyooka kama fimbo, kisigino kikinyanyuka, mwili ukaegemea nyuma, nguvu yote inavuja kabla haijamfikia mtu. Kwenye sakafu ya saruji iliyo bapa unaweza kudanganya miaka mingi. Sakafu haikushitaki.

"Nenda mahali penye mlima," sensei akasema, "mlima haudanganyiki." Akachana karatasi ya daftari, akaandika mistari mitatu: *Siku ya kwanza tembea, usipige. Siku ya pili simama, usipige. Siku ya tatu piga, kidogo.*

Nikampelekea mume wangu ile karatasi. Nikamwambia nahitaji mtu wa kunishikia pedi. (Pedi ya kupigia mateke, jamani, ule mto mnene wenye mikanda ya kushikia. Wanaume mkimaliza kucheka tuendelee.) Akaisoma mara mbili. "Kushika tu, bibie," akasema. "Kupiga sipigi."

Kupanda

Basi linatoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, unapita Chalinze, Segera, Korogwe, halafu milima ya Usambara inaanza kukufuata upande wa kulia kama ukuta usio na mlango. Mlango upo Mombo. Hapo unaiacha barabara kuu ya Arusha na kuanza kupanda kilomita 33 za kona, bonde liko dirishani kwako kisha liko dirishani kwa jirani, mpaka Soni yenye maporomoko yake kando ya barabara, na hatimaye Lushoto, kwenye urefu wa takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakajenga nyumba za paa kali kama vile theluji ingekuja. Theluji haikuja, ila Julai ukishuka kwenye basi na fulana yako ya Dar utawaelewa.

Kwenye basi mume wangu alizungumza zaidi kuliko alivyozungumza mwezi mzima, na kilichomfungua mdomo ni historia. Ni ugonjwa wake. Kwamba Goju maana yake ni ngumu na laini. Kwamba Chojun Miyagi wa Okinawa ndiye aliyeupa mtindo huu sura tunayoijua. Kwamba kwetu ulifika kwa mkono wa Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyefungua dojo pale shule ya Zanaki, Dar es Salaam, mwaka 1973. Mwaka huohuo Bruce Lee alifariki, Julai, na *Enter the Dragon* ikatoka. "Fikiria," akaniambia, "dunia nzima inataka kuruka juu kama Bruce Lee, halafu kuna vijana wa Dar wanafundishwa kusimama." Maana mateke ya Goju-ryu ni ya chini. Tumbo, kinena, goti. Ile kata ya Seiunchin, ndefu na inayotoa jasho, haina teke hata moja, ni miguu kuzama chini tu. Alisema hayo huku mkono wake uko kwenye paja lile lililochanika, analikanda bila kujijua.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kutembea, nasi tukatembea. Tulikwenda Magamba, msitu ulio juu ya mji, ambao tangu mwaka 2010 ni hifadhi ya mazingira asilia na uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Wetu alikuwa kijana Msambaa mwembamba, kavaa ndala. Ndala! Sisi tulikuwa na viatu vya mlimani vya bei mbaya.

Dakika ishirini za kwanza nilikuwa nahema kama pampu ya baiskeli. Sehemu ni mazoea, sehemu ni urefu wenyewe: kwa mita 1,400 shinikizo la hewa tayari limepungua kama asilimia 15 kulinganisha na pwani, na Magamba iko juu zaidi ya hapo. Kijana akageuka akatutazama. "Dada, unakwenda kwa vidole. Weka unyayo wote."

Nikasimama palepale kwenye njia. Ni sentensi ya sensei, neno kwa neno, kutoka kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kuvaa gi.

Nikaanza kumtazama anavyotembea badala ya kutazama miti. Hatua fupi, fupi kuliko unavyodhani mtu mwenye nguvu angepiga. Unyayo mzima unakaa chini kwanza, ndipo uzito unahamia. Goti halinyooki hadi mwisho hata mara moja. Kiwiliwili kimeinama mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu, siyo kiunoni. Ukipanda kwa vidole, shavu la mguu linabeba kila kitu na linaishiwa mapema. Ukikanyaga unyayo mzima, mzigo unahamia kwenye makalio na nyuma ya paja, misuli mikubwa iliyoumbwa kwa kazi hiyo. Misuli hiyohiyo ndiyo inayomshikilia mtu aliyesimama kwa mguu mmoja huku mwingine ukiwa tumboni kwa adui. Tulipishana na bibi mmoja ana mzigo wa kuni mgongoni, anapanda wakati sisi tunapumzika. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, poleni na mlima." Hakuhema. Nilimtazama miguu mpaka akapotea kwenye kona.

Msitu wenyewe ni baridi na giza la kijani, mbega wenye manyoya meusi na meupe wanaruka juu kwa juu, na ukungu unaingia na kutoka kama mtu aliyesahau kitu chumbani. Ningeweza kuandika zaidi juu yake, lakini ukweli ni kwamba akili yangu ilikuwa miguuni.

Halafu tukashuka. Wengi hudhani kushuka ndiyo mapumziko. Thubutu! Unaposhuka, msuli wa mbele ya paja unafanya kazi huku unarefushwa, kama breki ya lori kwenye kona za Soni. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayoleta yale maumivu yanayochelewa, hayaji leo, yanakuja kesho na keshokutwa. Mume wangu alikuwa nyuma yangu, kimya. Karibu na chini akasema, kama anayejisemea, "Kumbe nilichanika kwenye breki."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaeleza, na alikuwa sahihi kabisa. Ukirusha teke, msuli wa mbele unaurusha mguu; msuli wa nyuma ya paja ndio unaoukamata kabla goti halijapinda kinyume. Unarefuka kwa kasi na papo hapo unatakiwa kuvuta. Akitoka kwenye gari, baridi, baada ya saa moja na nusu ya kukaa kwenye foleni, breki ilikatika. Kwa miezi minane alikuwa anauchukulia mwili wake kama umemsaliti. Sasa alikuwa anaueleza kama fundi anayeeleza gari.

Korongo

Siku ya pili tuliamka kama wazee. Kushuka kwenye ngazi tatu za chumba ilibidi tushikane mikono, na hilo pekee lilistahili nauli.

Karatasi ilisema tusimame. Nyumba tuliyofikia ina baraza la mbao, kisha bustani yenye majani inayoteremka kidogo kuelekea kijito. Ukungu ulikuwa mzito hata kijito tulikisikia tu. Kwenye kata ya Saifa kuna sehemu unasimama kwa mguu mmoja, goti la pili limekunjwa juu, unatulia, ndipo unapiga teke la mbele. Unageuka upande wa pili, unarudia. Msimamo huo Wajapani wameupa jina la ndege, yule wa miguu mirefu anayesimama majini akisubiri samaki. Sisi tungemwita korongo. Nami niliona raha ya peke yangu, raha ya mhariri, kwamba Kiswahili kimempa ndege huyo jina moja na bonde lililochimbwa na maji, na kwamba nilikuwa nasimama kama korongo juu ya korongo.

Kusimama ni kazi, usidharau. Jaribu sasa hivi unaposoma, pembeni ya kochi. Simama kwa mguu wa kushoto, kunja goti la kulia hadi usawa wa kiuno, vidole vya mguu wa juu vivute kuelekea kwako. Goti la kushoto lilegeze kidogo tu. Sikilizia unyayo: uzito ugawanyike kati ya kisigino, chini ya kidole gumba na chini ya kidole kidogo. Hesabu thelathini. Ukitetemeka hujaharibu kitu, kifundo kinajifunza. Watu wa teke zuri wanaweza kukaa hapo wakapiga soga.

Kwenye majani ya mteremko mambo yalibadilika. Nilipotazama juu ya mteremko, kila nilipoegemea nyuma kama kawaida ya mwili wangu nilianza kuanguka kuelekea kijitoni; ilibidi nyonga iende mbele, hakuna njia nyingine. Nilipogeuka nikatazama chini, tatizo likawa jingine: mguu uliokunjwa, usipouvuta kwa makusudi, unadondoka mbele na wewe unaufuata. Kurudisha mguu baada ya teke ni jambo ambalo makocha wote wanalipigia kelele na wanafunzi wote wanalisahau. Mteremko unaukumbusha bila kelele. Dakika kumi pale zilinifaa kuliko mwezi wa kuambiwa.

Tahadhari moja, na hii nisome vizuri. Teke la duara linataka mguu wa kusimamia uzunguke, kisigino kigeuke mpaka kielekee kule unakopiga. Usiligeuze kwenye majani ukiwa umevaa viatu vyenye meno. Kiatu kinang'ang'ania ardhi, mwili unazunguka, na anayelipia tofauti ni goti, ambalo Mungu amelitengeneza kama bawaba ya mlango: kukunja na kukunjua, basi. Sisi mzunguko tuliufanyia barazani kwenye mbao, peku, polepole, bila hata kunyoosha mguu wa kupiga. Nyonga na kisigino tu. Geuka, rudi. Geuka, rudi. Mhudumu aliyeleta chai alidhani tunajifunza dansi na akatuonyesha yake.

Jioni mbele ya moto tulifanya zoezi la watu wawili, ambalo nadhani kila wanandoa wanaofanya michezo walijue. Mmoja anapiga magoti kwenye zulia, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nguvu. Aliyepiga magoti ananyoosha mwili na kuuachia uanguke mbele taratibu, taratibu, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya mapaja, mpaka anashindwa na kujipokea kwa mikono. Tafiti zilizofanywa kwa wanasoka zimeonyesha zoezi hili likifanywa kwa mpangilio hupunguza kuchanika kwa msuli huo kwa karibu nusu. Mtaalamu wake alishampa tangu Machi. Alikuwa halifanyi, kwa sababu linahitaji mtu wa kushika miguu, na hakutaka kuomba.

Alifanya matatu. Nilikuwa nimeshika vifundo vyake, natazama ule msuli unavyotetemeka chini ya suruali, wa kulia zaidi kuliko wa kushoto. Hatukusema neno. Kilikuwa kimya cha aina nyingine.

Saba

Jumapili ukungu uliondoka mapema. Mjini soko lilikuwa limefurika, kabichi kubwa kama mpira, viazi, akina mama wa vijijini wameteremka na mizigo. Tukala makande ya moto na kurudi kupasha mwili. Kupasha, siyo kunyoosha. Zile dakika tano za kukaa chini na kuvuta misuli ikiwa baridi, tulizofundishwa shuleni, zina faida ndogo kabla ya mateke na zinaweza hata kuupunguzia msuli nguvu kwa muda. Tembea haraka, nyanyua magoti, bembeza miguu mbele na nyuma, kwanza chini kisha juu kidogo. Kuvuta na kushikilia kuache mwisho, mwili ukiwa na joto.

Akashika pedi usawa wa kitovu, yeye upande wa juu wa mteremko. Nikapiga teke la mbele. Goti juu, nyonga mbele, piga kwa ile nyama iliyo nyuma ya vidole, vuta, weka. La kwanza lilikuwa la kawaida. Kwenye la nne unyayo wangu wa kushoto ulizama kwenye majani, goti likakaa, na pedi ikatoa sauti ambayo sijawahi kuitoa, fupi na nzito kama mlango wa gari zuri. Mume wangu akarudi nyuma hatua mbili. Kumrudisha nyuma mtu wa kilo 84 anayeupanda mlima siyo mchezo.

"Ehee!" akasema. "Huyo nani?"

Nilipiga ishirini kila mguu. Nikaketi kunywa maji. Aliendelea kusimama na pedi mkononi, anaitazama. Halafu akanitupia.

"Shika chini," akasema. "Usawa wa goti."

Sikusema kitu. Nadhani ningesema neno lolote, hata "pole pole", asingepiga. Nikainama nikaishika chini. Alikunja goti, akakaa pale juu kama korongo kwa muda mrefu, uso wake umekaza, kisha akasukuma teke la pembeni la chini, lile la kuvunjia goti, polepole kama mtu anayefunga droo. Moja. Mbili. La tatu lilikuwa na uzito kidogo. La tano lilikuwa teke kabisa. Alikuwa amesema kumi. Baada ya la saba aliweka mguu chini, akasikiliza kitu ndani ya paja lake, akatikisa kichwa.

"Inavuta," akasema. "Leo saba zinatosha."

Yule mume niliyemfahamu kabla ya Novemba angepiga kumi na tano kwa sababu mke wake anamtazama. Huyu alikwenda kukaa kwenye ngazi, akavaa soksi, akauliza kama bado kuna chai.

Alasiri tulitembea hadi Irente, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka mjini kwa miguu iliyochoka. Njiani pana shamba la Irente, wanauza jibini, mkate na jamu za kwao, tulibeba mfuko. Ukifika kwenye mwamba, ardhi inakwisha ghafla, na chini kabisa, kama mita elfu moja hivi, iko Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyonyooshwa kama mistari ya daftari, na barabara ya Arusha imekuwa uzi. Upepo ni wa kukutoa kofia. Hapo hatukufanya mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, tafadhali na nyie msifanye, hata kwa picha.

Tulikaa mbali na ukingo tukala. Akaniuliza Jumanne mazoezi yanaanza saa ngapi siku hizi, bado saa kumi na mbili? Nikamwambia bado. Akasema atahitaji kutoka kazini mapema, apate nusu saa ya kupasha mwili, hataki tena kuingia akikimbia. Na atakaa mstari wa nyuma na wenye mikanda myeupe, mpaka paja liamue lenyewe. "Utaniona aibu?" Nikamuuliza aibu ya nini. Akacheka, akanimegea mkate.

Ukitaka kwenda

Juni hadi Agosti ni baridi na kukavu, kukiwa na ukungu wa asubuhi; beba sweta la kweli na soksi nzito. Machi hadi Mei mvua hufanya njia ziteleze, na mteremko unaoteleza siyo wa kufanyia mateke. Chagua nyumba yenye majani na sakafu ya mbao, uliza kabla ya kulipia. Kwa Magamba na njia za vijijini chukua mwongozaji anayetambulika, na umtazame anavyotembea. Kama mmoja wenu ana jeraha la goti, nyonga au paja, aonane na mtaalamu kabla ya safari. Pedi inaingia kwenye buti ya basi bila shida. Kondakta wetu aliifanya mto hadi Korogwe.